Sifa za Mchonga Ngoma

Mpiga ngoma wa Kirundi huingia uwanjani amejitwika ngoma kichwani, na huku anaipiga. Ikitulia chini ni sanamu kamili: gogo la mringaringa lililotobolewa kwa tezo, lenye tumbo pana na mguu mwembamba, na mdomoni ngozi ya ng'ombe iliyowambwa kwa vigingi vya mti.

Ufundi huo umefika nyanda za juu za Kigoma pamoja na wenyewe. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baadaye ikapokea Warundi pia. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba 2015, Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa maelfu. Anayekimbia hawezi kubeba gogo. Hubeba ujuzi: ukuta wa ngoma uwe mnene kiasi gani, ngozi iwambwe ingali mbichi ili ikikauka ijikaze.

Siku hizi wasanii huweka sanamu, video na wachezaji hai mahali pamoja. Tanzania tunaye Rehema Chachage, anayechanganya video, vitu na maonyesho ya mwili. Nawaheshimu sana wasanii hawa. Lakini uwanja wa ngoma ulikwishapata jibu la swali linalosumbua wengi katika fani hiyo: sanamu na mchezaji watafanyaje kazi moja bila kupeana kisogo? Ngoma iitwayo inkiranya hukaa katikati, wapigaji wakiipokea kwa zamu. Ngoma za amashakwe hushika mapigo yasiyokatika. Zile za ibishikizo huifuata inkiranya inakokwenda. Mwenye zamu huruka juu, hushuka, na vijiti vikatua juu ya ngozi. Mchongaji alipokuwa akipunguza mti, aliupimia mruko huo.

Na video? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la FilmAid lilionyesha filamu usiku katika kambi za Kibondo, kwenye viwambo vikubwa. Leo simu inatosha. Naipenda video kwa kuwa huvuka mipaka ambayo mpigaji mwenyewe hawezi kuivuka. Sauti peke yake hutenganishwa kirahisi na wapigaji: mwaka 1975 Joni Mitchell alitumia rekodi ya ngoma za Burundi katika wimbo "The Jungle Line", na wasikilizaji wakapata mshindo bila kuona hata bega moja likitikisika.

UNESCO iliiingiza ngoma hii katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Mwaka 2017 amri ya rais ikawakataza wanawake wa Burundi kuipiga. Inaniuma, hasa nikikumbuka kwamba utemi wa Heru, huku huku Kasulu, uliwahi kutawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare.

Kwa wanaorekodi ngoma za watu wa Nduta na Nyarugusu nina ombi: waanzie kwa mchongaji. Watuonyeshe tezo likila mti, vidole vikigonga ukuta wa gogo kusikiliza kama umefikia unene wake, ngozi mbichi ikivutwa na mikono ya watu kadhaa huku mmoja akipigilia vigingi. Na akiridhia, jina lake liandikwe kabla ya jina la kikundi.