SINEMA BUBU NA MACHO YA MFANYAKAZI

Katika sinema ya Charlie Chaplin ya mwaka 1936, "Modern Times", mwajiri analetewa mtambo wa kumlisha mfanyakazi huku kazi ikiendelea, ili saa ya chakula ifutwe. Mtambo unaharibika na kumpiga mfanyakazi usoni. Tulipoionyesha hapa Shelui, kwa vijana waliozoea video za simu zenye maneno mengi, tulidhani watasinzia. Kumbe waliowahi kufanya kazi machimboni Sekenke walicheka kabla yetu.

Ofisi ya sinema za makoloni, iliyoundwa na Waingereza mwaka 1939, ilishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Hiyo ilikuwa dharau iliyovikwa joho la utaalamu.

Tena ububu wenyewe una siasa. Bosi anasikika akiamuru kwa mtambo mashine ziongezwe kasi. Mfanyakazi hana sauti, na anapoimba hatimaye, maneno yake si ya lugha yoyote.

Lakini, ndugu, tusimwabudu Chaplin. Bendera ya hatari inaanguka kutoka kwenye lori, mfanyakazi anaiokota ili airudishe, waandamanaji wanatokea nyuma yake, polisi wanamkamata kama kiongozi. Mwanamapinduzi kwa ajali! Waandamanaji hao walikutana wapi, walijadili nini, hatuonyeshwi. Mwishoni yeye na binti mmoja wanashika njia, wawili tu. Mwanafunzi mmoja aliuliza waliobaki kiwandani wanafanyaje. Tulibishana juu ya swali hilo hadi usiku.