Baada ya Pigo: Kifo cha Ghafla katika Masimulizi ya Meru na Embu ya Karne ya 19

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya wameshughulikia sana ngano, methali na nyimbo, na wameziachia idara za historia masimulizi ya wazee kuhusu uvamizi, vita na mauaji ya karne ya 19. Mgawanyo huo wa kazi una hasara. Masimulizi hayo yana fanani wake, hadhira yake na kaida zake za utunzi. Anayeyasoma kama ghala la matukio tu hawezi kuona jinsi tukio lenyewe lilivyofinyangwa na kaida hizo kabla ya kumfikia.

Makala hii inachunguza jinsi kifo cha ghafla kinavyosimuliwa katika matini zilizokusanywa miongoni mwa Wameru na Waembu. Hoja yake kuu ni kwamba kilele cha simulizi hizo hakikai kwenye pigo linaloua, bali kwenye suluhu inayofuata pigo hilo. Pale ambapo suluhu haikupatikana, umbo la simulizi hutetereka. Mtetereko huo ni ushahidi unaohitaji jicho la mhakiki.

2.0 Matini na Wakusanyaji Wake

Matini zinazohusika ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni kauli za wazee. Bernardi (1959) alikusanya masimulizi yanayomhusu Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru. Mwaniki (1973, 1974) aliwahoji wazee wa Embu na Mbeere kuhusu maisha ya kabla ya mwaka 1906, naye Fadiman (1982, 1993) aliwahoji wazee wa Meru kuhusu vita, uganga na kuja kwa Waingereza. M'Imanyara (1992) aliisimulia upya historia ya Wameru kutoka ndani ya jamii. Aina ya pili ni maandishi ya wageni waliopita au kupigana katika eneo hilo, wakiwamo Chanler (1896), Neumann (1898) na Meinertzhagen (1957).

Kauli za wazee zimetufikia, kwa sehemu kubwa, katika Kiingereza. Kwa hiyo mhakiki hawezi kujenga hoja juu ya uteuzi wa maneno, takriri au mahadhi, kwa kuwa hayo ni ya mfasiri. Anachoweza kukichambua kwa uhakika zaidi ni muundo: mpangilio wa matukio, nafasi ambayo kila tukio limepewa, na mahali simulizi inapokomea. Uchambuzi unaofuata umejifunga kwenye mipaka hiyo.

3.0 Kifo Chenye Suluhu

Kielelezo cha msingi ni kisakale cha Mbwaa. Wazee wa Wameru walikaa utumwani chini ya Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu, waliowapa mitihani isiyowezekana, kama vile kutengeneza ndala zenye manyoya pande zote mbili na mkuki wa kufika mbinguni. Aliyeshindwa alingojewa na mauti. Hata hivyo, kisakale hakijengwi juu ya mauaji. Kinajengwa juu ya werevu unaoahirisha kifo, kisha juu ya kuvuka maji. Katika baadhi ya matini, kabla ya kuvuka, mtu aitwaye Gaita anajitolea apasuliwe tumbo kwa ajili ya wote, huku Muthetu na Kiuna wakijitolea pamoja naye. Majina ya watu hao watatu yanabaki kuwa majina ya koo. Hata wakati wa kuvuka unageuka utambulisho: waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi, waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu, na waliovuka mchana wakawa Njeru, weupe. Kisu kimetajwa kwa ufupi. Kinachosimuliwa kwa urefu ni jinsi jamii ilivyopangika upya baada ya kisu hicho.

Muundo huu unajitokeza pia katika kauli kuhusu uvamizi wa mifugo wa karne ya 19. Maandalizi ya vijana katika gaaru, yaani nyumba ya mashujaa, yana nafasi kubwa. Vivyo hivyo baraka na kinga za waganga, safari ya usiku, kuswaga ng'ombe na kugawana nyara. Kuua kwenyewe huchukua nafasi ndogo. Baada yake simulizi hurejea kwenye hesabu: nani alipata nini, nani alisafishwa, nani alikombolewa. Hata tarehe ya kifo ni ya kijamii. Tukio huwekwa katika wakati wa rika fulani, kama vile Ratanya, Lubetaa au Miriti, na kwa kuwa majina hayo hurudi kwa mzunguko, msikilizaji hulazimika kujua ukoo wa msimulizi ili atambue ni Ratanya ipi. Marehemu hawi peke yake. Amefungwa kwenye mnyororo wa watu.

Mantiki iliyo nyuma ya umbo hili ni ya dia. Kuhusu Wakikuyu, majirani wa karibu, Kenyatta (1938) anataja fidia ya kondoo au mbuzi 100 kwa uhai wa mwanamume na 30 kwa uhai wa mwanamke, na mlipaji ni ukoo, si muuaji peke yake. Pale ambapo uhai una malipo yanayojulikana, kisa cha mauaji hakijaisha hadi malipo yatolewe. Msimulizi anayekomea kwenye pigo angekuwa amesimulia nusu ya kisa.

4.0 Kifo Kisicho na Suluhu

Ni nini kinachotokea basi pale ambapo hakuna wa kulipa? Mwisho wa karne ulileta majanga mawili ya namna hiyo. La kwanza ni njaa kuu ya mwaka 1897 hadi 1901, iliyoandamana na ndui. Ambler (1988) ameonyesha jinsi familia za maeneo makavu zilivyowaweka wasichana na wanawake rehani katika nchi za juu ili zipate chakula. La pili ni bunduki. Embu ilishindwa kwa vita mwaka 1906. Meru iliingia chini ya utawala wa Waingereza mwaka 1907 na 1908, na E. B. Horne, aliyejulikana na wenyeji kama Kangangi, akaanzisha kituo kilichokuja kuwa mji wa Meru, ambao leo eneo la Kinoru ni sehemu yake.

Njaa haina ukoo wa kudaiwa, na serikali iliyoua ilichukua mifugo badala ya kuitoa. Dia iligeuzwa kichwa chini: aliyefiwa ndiye aliyetozwa. Simulizi iliyozoea kuelekea kwenye mapatano haina tena pa kuelekea.

Upande wa pili, maandishi ya mshindi yanajaza nafasi hiyo kwa orodha. Meinertzhagen, aliyeshiriki mapigano ya mwaka 1904 kusini mwa Mlima Kenya, anaandika idadi ya waliouawa sambamba na idadi ya mifugo iliyotekwa. Waliokufa hawana majina, rika wala koo. Orodha hiyo hushawishi kwa ukavu wake, lakini haiepuki uhakiki: shajara ilichapishwa zaidi ya miaka 50 baada ya matukio, na Garfield (2007) ameutilia shaka nzito ukweli wa mwandishi huyo kwa jumla. Tarakimu nayo ni mbinu ya usimulizi.

5.0 Pingamizi

Panaweza kutolewa pingamizi kwamba umbo la suluhu si la karne ya 19 hata kidogo. Wazee waliohojiwa katika miaka ya 1960 na baadaye walikuwa wameishi miongo kadhaa chini ya utawala ulioitambua Njuri Ncheke kama chombo cha sheria na mila, hatua iliyochangiwa na H. E. Lambert, afisa ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa tafiti zake za lahaja za pwani. Wazee hao walikuwa na sababu ya kuionyesha jamii yao kama jamii ya mapatano. Pingamizi hili lina uzito, na linaweka mpaka wa hoja: umbo linathibitisha jinsi wasimulizi walivyotaka kifo kieleweke, halithibitishi kwamba kila damu ililipwa.

Pengo la jinsia linaongeza uzito huo. Wasimulizi wengi walikuwa wanaume wazee. Mwanamke aliyetekwa au kuwekwa rehani huonekana kama sehemu ya malipo yanayofunga kisa cha mwingine. Kwake yeye, kile ambacho simulizi inakiita suluhu huenda ndicho kilichokuwa pigo.

6.0 Hitimisho

Suala hili halijaachwa nyuma na fasihi andishi. Katika Kifo Kisimani (2001), tamthilia ya Kithaka wa Mberia, mwandishi mwenye asili ya Tharaka, Mwelusi anauawa kisimani na Gege, ndugu yake. Haihitajiki kudai kwamba mwandishi alichota kutoka kwa simulizi za wazee. Inatosha kutambua kwamba kati ya ndugu dia haina maana, kwani anayepaswa kulipa na anayepaswa kulipwa ni watu wale wale. Swali la nani atawajibika kwa damu linabaki mikononi mwa jamii nzima.

Mtafiti anayehesabu vifo katika kauli za wazee ili apate kiwango cha vurugu za karne ya 19 atapata tarakimu dhaifu, kwa kuwa kauli hizo huhifadhi zaidi vifo vilivyopata suluhu. Kazi ya mhakiki ni kuuliza kila simulizi inakomea wapi, na ni nani aliyebaki nje ya mwisho huo. Kazi hiyo itakamilika tu kauli hizo zitakaposomwa katika Kimeru, Kiembu na Kimbeere, kwa maneno ya wenyewe.