Posa Iliyowekwa Katikati ya Kitabu

Mwandishi chipukizi wa riwaya za mapenzi huwa na hofu moja kubwa: akimwachia kijana akiri mapenzi mapema, hadithi itamfia mkononi. Basi anaichelewesha kauli hiyo kwa kila hila. Simu inapotea, mama wa kijana anaingilia, gari linapinduka njiani. Jane Austen, katika Pride and Prejudice iliyotoka Januari 1813, alifanya kinyume kabisa. Kitabu kina sura 61, na kijana wake, Darcy, anamposa binti, Elizabeth, katika sura ya 34.

Posa yenyewe ni tusi. Darcy anafika Hunsford, nyumbani kwa kasisi Collins, anakiri kwamba anampenda, kisha anaeleza kwa kirefu jinsi ukoo wa binti ulivyo wa chini na jinsi alivyoshindana na nafsi yake asimpende. Hana shaka kwamba atakubaliwa. Na tukipiga hesabu ya fedha, kwa nini asikubaliwe? Pato lake ni paundi 10,000 kwa mwaka. Elizabeth ni mmoja wa mabinti watano, na mali ya baba yao imefungwa isirithiwe na mwanamke. Baba akifunga macho, nyumba na ardhi vinakwenda kwa huyo huyo Collins, ambaye naye alikwisha kumposa Elizabeth akakataliwa. Fedha zinazotajwatajwa tangu ukurasa wa kwanza zilikuwa zinaandaa siku hii, ili “hapana” ya Elizabeth iwe na uzito.

Sasa tazama anavyokataa, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo. Ana mashtaka matatu: Darcy amemtenganisha Jane, dada yake Elizabeth, na rafiki yake Darcy aitwaye Bingley, amemdhulumu kijana mmoja, Wickham, na tangu siku ya kwanza amekuwa mtu wa majivuno. Kesho yake Darcy anamkabidhi barua inayojibu mashtaka mawili. Kuhusu Jane, aliamini kwamba hampendi Bingley. Kuhusu Wickham, anafichua kwamba kijana huyo alijaribu kumtorosha dada yake Darcy, binti wa miaka 15, akiuwinda urithi wake wa paundi 30,000. Shtaka la tatu halijibiki kwa barua. Hakuna mtu anayeweza kuandika waraka wa kuthibitisha kwamba hana kiburi. Ni lazima aonekane akitenda, na ni shtaka hilo moja linaloubeba mwendo wa nusu ya pili ya riwaya.

Sura ya 36 naipenda kuliko zote. Haina tukio: mwanamke anatembea na karatasi mkononi, anaisoma, anaikataa, anaisoma tena. Anakumbuka kwamba Wickham alimmwagia siri zake siku walipozungumza kwa mara ya kwanza, na kwamba alijigamba hamwogopi Darcy kisha akakwepa dansi ambayo Darcy angekuwapo. Mambo hayo msomaji aliyaona, akayapita. Austen hakumficha kitu, bali alimwacha apumbazwe na sura nzuri na ulimi laini, sawasawa na Elizabeth. Kwa hiyo binti anapoona aibu, msomaji naye anaiona. Mwandishi anayetoa siri mfukoni dakika ya mwisho hapati aibu ya namna hiyo kwa msomaji wake. Anapata mshangao tu, na mshangao haudumu.

Juzuu ya tatu ya riwaya inafunguliwa Elizabeth akitembelea Pemberley, jumba la Darcy, ilhali mwenyewe hayupo. Anayemsifu ni mtunza nyumba aliyemjua tangu akiwa na miaka minne. Baadaye Lydia, mdogo wake Elizabeth, anatoroka na huyo huyo Wickham, na Darcy anawasaka London, analipa madeni ya kijana na kuhakikisha ndoa inafungwa, huku akitaka jambo hilo lisijulikane. Elizabeth analijua kwa sababu Lydia anaropoka, kisha mke wa mjomba wake analithibitisha kwa barua. Tendo la mapenzi linafanyika nyuma ya mgongo wa anayependwa. Lingefanyika mbele yake, lingekuwa ni kumnunua.

Posa ya pili, sura ya 58, imewasumbua wasomaji wengi kwa ufupi wake. Ugomvi wa Hunsford tuliusikia kwa maneno ya wenyewe. Furaha tunasimuliwa tu, kwamba binti alijibu na bwana akafurahi. Mimi naona Austen alipatia. Kila kitu kilikwisha kusemwa kwa vitendo, na kauli ndefu za mahaba pale zingerudisha nyuma hadithi iliyokwisha fika.

Upande wa biashara, mambo hayakwenda vizuri hivyo. Riwaya yake Sense and Sensibility ya 1811 aliitoa kwa gharama na hatari yake mwenyewe, na toleo la kwanza likamletea faida ya paundi 140. Pride and Prejudice akaiuza moja kwa moja, pamoja na hakimiliki, kwa mchapishaji Thomas Egerton kwa paundi 110. Alikuwa ametaka 150. Toleo la pili likatoka mwaka huo huo, la tatu 1817, naye hakuongezewa hata senti. Alijifunza haraka: kwa riwaya ya Mansfield Park akarudi kwenye utaratibu wa kuchapisha kwa hatari yake, na mchapishaji John Murray alipompa ofa ya paundi 450 kwa hakimiliki ya Emma na riwaya nyingine mbili, akakataa. Mwaka 1816 alirudisha paundi 10 ili apate tena mswada aliokuwa ameuuza 1803 na mchapishaji akaukalia bila kuuchapa.

Wanaoandika simulizi za mapenzi leo, wanaouza sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, wako karibu zaidi na Austen wa 1811 kuliko wanavyodhani: hatari ni yao na hakimiliki ni yao. Akija mtu na fedha taslimu na mkataba wa ukurasa mmoja, aulizwe anachonunua. Je, ni toleo moja la kitabu, au pia tafsiri, usomaji wa sauti na filamu? Ni kwa miaka mingapi? Na kikichapwa mara ya pili, mwandishi anapata nini?