Swichi tatu, kable mbili: skema yenye inatudanganya

Bandugu, wakati huu wa kutetea TFC na memwari, ninasoma skema mingi za rezo. Karibu kila moja iko na swichi tatu ao ine zenye kupangwa moja juu ya ingine, na chini mwandishi anahakikisha kama rezo yake haiwezi kuanguka. Hapo njo sikubali.

Na mimi niliandika vile mwaka wangu. Mwalimu mmoja wa juri akaniuliza swali moja tu: "Kable ya kurudi iko wapi?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimechora swichi tatu na kable mbili.

Tuseme kwanza ukweli: staki ni kitu kizuri. Swichi zinashikana nyuma kwa porti za pekee, na porti za mbele zinabakia kwa watumiaji. Mwaka 2003 Cisco ilileta StackWise kwenye Catalyst 3750: swichi mpaka 9, njia ya gigabiti 32 kwa sekunde, na zote zinaonekana kama swichi moja. Adresi moja ya IP, mipangilio moja. Enjeniere anaingia mara moja tu, anamaliza kazi.

Lakini tunasifu umoja huo bila kuuliza bei yake.

Ya kwanza ni duara. Swichi tatu zinaomba kable tatu: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, kisha ya tatu inarudi kwa ya kwanza. Duara likifungwa, kable moja ikikatika kazi inaendelea, hata kama nguvu ya njia inapungua nusu. Duara likibakia wazi, kable moja ikikatika staki inapasuka vipande viwili, na kila kipande kinajichagulia mkubwa wake na kushika IP ile ile. Ukitaka kuingia urekebishe, hujui ni kipande gani kinakujibu. Na staki ikiwa refu, kable fupi ya nusu metre haifike. Ile ya kurudi inapaswa kuandikwa kwenye devi tangu mwanzo.

Ya pili ni kichwa. Staki iko na mkubwa mmoja mwenye kuamuru. Kama haukumuchagua kwa namba, kuanzia 1 mpaka 15, swichi zitajichagulia zenyewe, na inaweza kuangukia ile ya zamani kuliko zote. Tena, kosa moja katika mipangilio linagusa zote pamoja, juu mipangilio ni moja.

Ya tatu ni kuranti. Kable za StackWise zinapitisha data, hazipitishe umeme. Swichi tatu kwenye prizi moja na onduleri moja zitazimika pamoja. Kwetu, kwenye kuranti inakatika kila mara, hilo lingekuwa swali la kwanza. Lakini katika skema nyingi prizi haionekani kabisa.

Sisemi tuache staki. Ninasema tuache kuiita ulinzi kabla ya kuonyesha inalinda nini. Kesho mutu atanunua vyombo kwa kufuata skema yako. Pengine ni hospitali, pengine ni shule, na siku itaanguka juri haitakuwa pale. Kwa hiyo mbele ya kutetea, weka kidole kwenye karatasi na uhesabu kable. Swichi tatu, kable tatu. Kisha uonyeshe mkubwa ni nani, na kila moja inakunywa kuranti wapi.