Kumtafuta Aliyehojiwa Zamani

Kati ya mwaka 1991 na 1994 wadadisi walipita vijiji vya mkoa wa Kagera wakiwa na madodoso mazito, mizani na ubao wa kupimia kimo. Waliingia katika kaya zaidi ya 900. Wakaandika majina ya wote waliokuwa wakiishi humo, umri wao, madarasa waliyosoma, mashamba yao, walichokula na walichouza, kisha wakawapima uzito na urefu mmoja baada ya mwingine. Halafu wakarudi. Kaya nyingi zilihojiwa hadi mara nne. Mpita njia aliyewaona huenda aliudhika: mkoa uko msibani, wagonjwa wamelala majumbani, na hawa wanauliza mnafuga kuku wangapi.

Msiba wenyewe ndio uliowaleta. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia miaka ile kulikuwa na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Benki ya Dunia na wataalamu wa Muhimbili walitaka kujua jambo ambalo kila mtu alikuwa akilikisia bila kulipima: mtu mzima akifa, maisha ya wanaobaki hubadilika kwa kiasi gani, na kwa muda gani?

Utafiti wa namna hii, uwe wa elimu, biashara au jamii, hauna jina zuri kwa watu wengi. Mwanafunzi anaujua kama sharti la kupata shahada, yaani sura tano, majedwali, mapendekezo na jalada gumu. Mwanakijiji anaujua kama gari linalokuja na maswali na kuondoka na majibu. Mimi ninausifu, tena kwa moyo mmoja, kwa sababu ya kazi ambayo ripoti nyingi huimaliza kwa mistari miwili katika sura ya tatu, pale panapoelezwa mbinu: kazi ya kumpata mtu, na kumuuliza vizuri.

Mwaka 2004 wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliamua kwamba watu wote waliowahi kuandikwa katika madodoso yale ya Kagera watafutwe upya. Walikuwa zaidi ya 6,000, na kazi ya uwandani ikafanywa na EDI, kampuni ya utafiti iliyokuwa na makao yake Bukoba. Uamuzi wa kutafuta watu, popote walipo, ndio uliobeba kila kilichofuata. Tafiti nyingi za marudio hurudi kwenye nyumba. Ukikuta familia imeondoka unaandika "wamehama", unakwenda mlango unaofuata, na mwisho wa yote una kitabu cha waliobaki.

Kazi hii, kwa anayeifanya kwa uaminifu, huenda hivi. Mdadisi anafika kijijini na orodha ya majina ya miaka kumi iliyopita. Anaripoti kwa mtendaji, anaonyesha kibali, anapelekwa na mwenyekiti wa kitongoji hadi kwenye kibanja chenye migomba na mibuni, na hapo anamkuta mama mmoja kati ya wale wanane walioandikwa. Anamwamkia, anaketi, anapewa kahawa za kutafuna, na baada ya habari za nyumbani anaanza kusoma majina taratibu. Huyu ametangulia mbele ya haki. Huyu yupo, kaenda kuteka maji. Huyu aliolewa Muleba, mumewe ni fundi seremala. Huyu alikwenda Mwanza kwenye samaki na hajaonekana tangu hapo, lakini mjomba wake ana duka Kemondo, na mjomba hakosi kujua. Yote yanaingia kwenye fomu ya ufuatiliaji, pamoja na mambo ambayo hakuna mhadhara utakaokufundisha kuyauliza: kijijini alikuwa akiitwa jina la Kihaya, je, mjini anajulikana kwa jina gani? La ubatizo, la utani, au la timu anayoshabikia? Fomu inapelekwa kwa wenzake walioko Mwanza au Dar es Salaam, nao wanaanza kuulizia kijiwe kwa kijiwe.

Walipomaliza, kaya zile 900 na ushee zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Karibu nusu tu zilikuwa bado katika vijiji vya mwanzo. Nyingine zilikutwa vijiji jirani, sehemu nyingine za Kagera, mikoa mingine, na baadhi ng'ambo ya mpaka, Uganda. Katika kaya 93 kati ya kila 100 za awali, angalau mtu mmoja alipatikana tena. Aliyewahi kujaribu kukusanya wenzake waliomaliza naye darasa la saba atajua hesabu hiyo ina jasho la watu wangapi.

Na faida yake ilikuwa kubwa. Kwa kulinganisha hali ya 1991 na ya 2004, watafiti walikuta kwamba kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia katika ukuaji wa matumizi ya mtu, na matumizi ndicho kipimo tunachotumia vijijini kujua nani ana unafuu. Hapa mtu makini atapinga mara moja. Atasema waliohama ni wale waliokuwa na uwezo tangu mwanzo, waliosomeshwa, wenye shangazi mjini, kwa hiyo unafuu wao haukuletwa na safari. Pingamizi hilo ni la haki, na ndilo linalotenganisha utafiti na soga. Kwa kuwa majina yalikuwa yamefungwa kwa kaya, waliweza kumlinganisha aliyehama na ndugu yake aliyebaki, watu waliokua chini ya paa moja, kwa shamba moja na wazazi walewale. Tofauti ikabaki. Wala haikuwa suala la kuacha jembe peke yake, maana hata kwa waliobaki katika kilimo matumizi yalikua zaidi kama walihamia kwingine. Lau wadadisi wangeridhika na waliokutwa nyumbani, maendeleo ya watu hao yangeandikwa pungufu kabisa, na sisi tungeyanukuu hivyo hivyo kwa kujiamini.

Lakini matokeo ninayoyarudia zaidi ni ya yatima. Katika duru ya kwanza kulikuwa na watoto 718 ambao baba na mama zao walikuwa hai, na ambao walipatikana tena mwaka 2004 wakiwa watu wazima. Asilimia 19 kati yao walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili kabla ya kutimiza miaka 15. Sasa ule ubao wa kupimia kimo ukaonyesha thamani yake. Mtoto aliyesimamishwa hapo mwanzoni mwa miaka ya tisini, visigino vimegusa mbao, kidevu kimenyooshwa, alipimwa tena akiwa kijana. Aliyempoteza mama alikuwa mfupi kwa sentimita 2 kuliko ambavyo angekuwa, na amesoma mwaka mmoja pungufu. Matumizi yake yalikuwa chini kwa asilimia 8.5 yakilinganishwa na ya wenzake waliofanana naye, ambao mama zao waliwalea hadi umri ule.

Sentimita mbili. Huwezi kuziona kwa macho barabarani, na kijana mwenyewe hajui kama zimepotea. Zinaonekana kwa sababu mtu alimpima kabla ya msiba kumfika, na mwingine akaenda kumtafuta baada yake. Hakuna fedha wala mashine inayoweza kurudi nyuma kumpima mtoto ambaye hakupimwa. Ninaposikia mtu akisema tafiti hizi hutuambia tunayoyajua, huwa nawaza hapo. Kwamba yatima huteseka tulilijua. Kwamba mateso hayo hubaki mwilini hadi utu uzima, na kwa kiasi hicho, hatukulijua, na mwalimu au mbunge anayepigania chakula cha mchana shuleni anahitaji kulijua kwa kipimo.

Kumpata mtu ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili ni swali, na hapa mfano bora ninaoujua pia ni wa kwetu. Mwaka 2007 na 2008, De Weerdt na Beegle pamoja na Jed Friedman na John Gibson walichukua kaya zaidi ya 4,000 katika wilaya saba za Tanzania na kuzigawa kwa bahati nasibu katika makundi manane. Kila kundi liliulizwa habari za chakula kwa namna yake. Wengine waliulizwa walichokula siku 14 zilizopita, wengine siku 7. Wengine walisomewa orodha ndefu ya vyakula, wengine orodha fupi. Wengine walipewa daftari la kujaza kila siku, na katika kundi moja kila mtu katika kaya alikuwa na daftari lake. Nchi ni ileile, msimu ni uleule, na kaya zimegawanywa bila upendeleo. Kiwango cha njaa kilichopatikana kikacheza kutoka asilimia 19 hadi 68, kutegemea tu namna ya kuuliza.

Ningependa kila anayesoma takwimu za umaskini magazetini aikumbuke tofauti hiyo. Baba wa familia, akiulizwa, hajui kwamba mwanawe alinunua mihogo ya kukaanga akitoka shule. Fundi aliyekula wali na maharage kwa mama lishe hakuvihesabu kama chakula cha nyumbani. Siku 14 ni nyingi. Kumbukumbu huanza kukisia. Na vipimo vyetu vya sokoni ni balaa jingine: fungu, sado, debe, mkungu. Mkungu upi? Kagera mkungu mmoja unaweza kubebwa na mtoto na mwingine ukamshinda mtu mzima. Mdadisi anayejua kazi yake haandiki "mkungu 1" akafunga ukurasa.

Utafiti huohuo uliuliza pia habari za ajira, na kikundi kingine cha watafiti, Beegle akiwamo tena, kikagundua kwamba dodoso fupi hupunguza idadi ya wanawake wanaohesabiwa kuwa wanafanya kazi. Muulize mama aliyetoka kupalilia, "Wiki iliyopita ulifanya kazi?" Atakujibu, "Hapana mwanangu, mimi niko nyumbani tu." Muulize kama alilima, kama aliuza chochote, kama alisaidia kwenye shamba au biashara ya familia, na kazi yake yote itajitokeza. Maswali matatu ya ziada huchukua muda mfupi sana, lakini yakiachwa, mamilioni ya wanawake wanaolisha nchi wanaingia katika vitabu vya serikali kama watu wasio na kazi. Mtu aliyeyatunga maswali hayo na kupigania yasifutwe dodoso lilipoonekana refu amewatendea haki wanawake wale, japo hakuna atakayelijua jina lake.

Kwa sababu hiyo siwezi kulichukulia kwa wepesi lile tunaloliita kupika takwimu. Kuna wanaojaza madodoso wakiwa wamekaa mgahawani, mkono mmoja, kalamu moja, kaya ishirini zenye majibu yanayofanana, na kuna wanaowalipa wengine wawaandikie tasnifu nzima. Wanaozoea hilo huliita njia ya mkato. Kila dodoso la kupikwa linamfuta mtu halisi ambaye angejibu tofauti, na mara nyingi ni yule anayeishi mbali na barabara, aliyekuwa na shida kubwa kuliko wote.

Duru ya Kagera ilirudiwa mwaka 2010. Karatasi zilikuwa zimepisha kompyuta ndogo, na waliohama walikuwa wengi zaidi. Kwa takwimu hizo De Weerdt na Kalle Hirvonen waliuliza jambo ambalo kila anayepokea simu kutoka kijijini ana jibu lake tayari. Nani hasa anambeba nani? Walifuatilia maafa yaliyozipata kaya zenye udugu, yaani magonjwa, vifo, mavuno mabaya, na kutazama matumizi ya nani yanatikisika. Wakakuta aliyehama anawakinga wa nyumbani, lakini wa nyumbani hawamkingi yeye. Msaada huo haukufuata hesabu ya nipe nikupe. Ulilingana zaidi na desturi, na wajibu wa ndugu kwa ndugu. Gharama yake kwa aliyehama ni asilimia 3 hadi 5 ya ongezeko la matumizi alilolipata tangu aondoke.

Vijiweni Dar es Salaam utasikia watu wakiapa kwamba ndugu wa kijijini ndio waliowazuia kujenga. Utasikia pia, ukifika kijijini, kwamba vijana wakishavuka Mwanza husahau walikotoka. Pande zote mbili zina uchungu wa kweli, na ushahidi wa Kagera unazikatalia zote: msaada unakwenda, na ni mdogo mno kuweza kumkwamisha anayeutoa. Kilichowezesha kusema hivyo ni kwamba ndugu wa pande zote mbili walihojiwa, kila mmoja kwake. Hilo lina maana, kwa sababu watu hawasimulii msaada kwa namna moja. Katika kijiji cha Nyakatoke, hukohuko Kagera, kaya zote 119 ziliulizwa mwaka 2000 ni nani wanayetegemeana naye wakati wa shida, na mara nyingi mmoja alimtaja mwenzake huku mwenzake hakumtaja.

Nina hamu moja na utafiti wa aina hii. Ripoti zake zimechapwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo bei ya toleo moja inazidi mkungu mkubwa wa ndizi. Ile asilimia 3 hadi 5 ingesomwa kwenye redio za Bukoba, kwa Kiswahili na mfano mmoja wa shilingi, wasikilizaji wangepiga simu studio hadi usiku. Wengine wangeipinga, wangetaja ada za shule walizolipa na mabati waliyotuma. Akae mdadisi pale mezani, asibishane nao. Aandike kila wanachosema kuwa dodoso lilikisahau.