Mugumo Mmoja na Ramani Isiyo na Miti

Novemba 2020 Nairobi ilishangilia. Mugumo unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka mia, mrefu kama jengo la ghorofa nne, uliosimama kando ya Waiyaki Way kule Westlands, ulinusurika kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Mkuu wa Huduma za Jiji (NMS), Meja Jenerali Mohamed Badi, ndiye aliyetoa tangazo. Waliopinga kukatwa kwa mti ule walistahili kufurahi. Lakini kosa lilikuwa limeshafanyika mezani zamani, pale mstari wa barabara ya Nairobi Expressway ulipochorwa na miti ikahesabiwa kuwa kitu cha kuondoa, na amri ile ikalifunika.

Uhandisi wa barabara yenyewe hauna lawama: kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na kufikia Mei 2022 magari yalikuwa yakipita juu.

Turudi mezani. Barabara ya aina hii huanza na upimaji. Wapimaji huonyesha kila kitu kisichohamishika kirahisi: bomba kuu la maji, nyaya za umeme, reli, msingi wa jengo la mtu mwenye mawakili. Vitu hivyo huwa alama za kudumu, na nguzo hupangwa kuvikwepa. Mti haumo katika orodha hiyo. Mti huingia baadaye, katika tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo sheria ya 1999 inaidai na ambayo kwa mradi huu ilifanywa. Ila tathmini ikija baada ya mchoro, kazi yake inakuwa kuandika kitakachopotea na kuahidi miche. Nguzo hazisogei tena. Ndiyo maana hatima ya mugumo ilibidi ifike Ikulu. Mti mkubwa kiasi kile, usiofichika kwa yeyote apitaye Westlands, ulihitaji sahihi ya rais kwa sababu hakuna aliyeulinda kwa penseli.

Na asiseme mtu kwamba mstari haukuweza kusogea. Mwaka 2019, ilipojulikana kwamba mradi ungemega ukingo wa Uhuru Park, wananchi walipaza sauti na serikali ikarudi nyuma. Mugumo nao, amri ilipotoka, ulipatiwa nafasi. Mara mbili mchoro ulikubali kubadilika uliposhinikizwa. Mijakaranda na miti mingine iliyokuwa kando ya Uhuru Highway, Waiyaki Way na Mombasa Road haikuwa na mtu wa kushinikiza, ikapigwa msumeno. Hapo ndipo safu hii inaposimama: kuokoa mti mmoja kwa heshima kubwa kuliwapa wakubwa ruhusa ya kutozungumzia iliyobaki.

Wapo waliotaka mugumo ung'olewe uhamishiwe kwingine. Mti wa umri ule haubebwi hivyo. Kuuhamisha kwa haki kunataka mizizi ikatwe kidogo kidogo, miezi mingi kabla, ili ichipue mipya karibu na shina, kisha bonge zima la udongo linyanyuliwe kwa winchi. Huo si mpango unaowekwa kwenye ratiba ya mkandarasi anayekimbizana na siku.

Hata kuuacha pale kuna masharti yake. Mizizi mingi inayonyonya maji haizami sana; imo katika udongo wa juu, nayo hutambaa hadi kupita mwisho wa matawi. Kipimo cha Uingereza kinachotumiwa na wataalamu wengi, BS 5837, hutaka duara lisiloguswa ambalo nusukipenyo chake ni mara 12 ya kipenyo cha shina. Shina la mita moja, basi, linataka mita 12 kila upande: pasipite greda, pasimwagwe kokoto, pasiegeshwe lori la zege. Greda likipita, udongo hushindiliwa, vitundu vya hewa huziba, na mvua huteleza juu badala ya kuzama. Mti hauanguki siku hiyo. Huanza kukauka huko juu, tawi baada ya tawi, mwaka wa pili au wa tatu, wakati mkandarasi ameshalipwa na mashine zake ziko kaunti nyingine. Uzio wa mabati kuuzunguka mti kabla ya tingatinga la kwanza kuwashwa ni gharama ndogo mno katika mradi wa mabilioni, na bado ni nadra kuuona jijini.

Safu hii imelalamika kuhusu mambo haya tangu zamani na itaendelea. Saruji inayomwagwa hadi shingo ya shina ili njia ya miguu ionekane nadhifu. Misumari ya mabango ya waganga na ya vyumba vya kupanga. Chokaa nyeupe inayopakwa kila mgeni mashuhuri anapokaribia kufika, kana kwamba mti ni ukingo wa barabara. Na ile tabia ya kupogoa upande mmoja tu kwa ajili ya nyaya, mti ukabaki umeinama kuelekea barabarani, kisha ukatwe kwa kuwa ni hatari.

Waliotangulia walijua kupanga. Nairobi Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu ni miti gani ingestawi haraka kwa ajili ya kuni za treni za reli: walijaribu kwanza, wakapanda baadaye. Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za jiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndiye anayetajwa kwa mijakaranda na bogenvilia zilizoipa Nairobi sura yake. Kazi yake ilikuwa na doa, maana Eastlands haikupata kivuli kilichopata mitaa ya Wazungu. Lakini alipanda kwa mistari, akaacha nafasi ya shina kunenepa, na alikuwa na watunzaji wa kuifuata.

Wangari Maathai aliwapita wote. Watu humkumbuka kwa Uhuru Park mwaka 1989, alipoupinga mnara wa ghorofa 60, na kwa msitu wa Karura, ambako alipigwa Januari 1999. Safu hii humkumbuka zaidi kwa utaratibu wa malipo. Vikundi vya akina mama vya harakati yake, Green Belt Movement, havikulipwa kwa mche uliotiwa shimoni. Vililipwa kwa mche uliokaguliwa na kuonekana umeshika. Linganisha na tarehe 13 Novemba 2023, sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti, yenye lengo la miche milioni 100. Lengo lilikuwa la kupanda, na sherehe haina mtu wa kuja na ndoo mwezi wa Februari jua linapowaka.

Katiba, kifungu cha 69, inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba Kenya imefika asilimia 12.13. Hesabu hiyo inaweza kupanda katika misitu ya Mau na Aberdare huku Mombasa Road ikibaki lami na zege tupu, wala hakuna mkaguzi atakayesema sheria imevunjwa. Jiji linahitaji daftari lake: kila mti wa barabarani na namba yake, aina yake, unene wa shina, na hali ya mizizi. Daftari hilo liingie katika nyaraka za zabuni pamoja na ramani ya mabomba, kabla mhandisi hajagusa mstari. Mkandarasi anayeua mti ulioandikwa humo akatwe malipo kwa thamani yake, na fedha za miche ya fidia zishikwe hadi mche utimize miaka mitatu ukiwa hai.