Msusi na Mmwagaji

Mkeka uliotandikwa sebuleni kwetu Great Barr ulitoka Pemba. Mama mkwe alikuja nao mwaka 2019, ameukunja na kuufunga kwa kanga kuukuu, na tangu autandike hapa, karibu na njia panda ya Scott Arms, siwezi tena kumweleza mtu habari za uchoraji dhahania bila kuanzia kwenye mkeka huo. Kosa ni lake. Mwaka ule nilimpeleka London mara mbili, na mara zote mbili aliona vitu ambavyo mimi, na vitabu vyangu vyote vya sanaa, nilikuwa nikivipita.

Safari ya kwanza ilikuwa Julai. Tulipanda treni Hamstead, tukabadili New Street, tukafika Tate Britain kutazama maonyesho ya Frank Bowling. Huyu ni mzaliwa wa Guyana, mwaka 1934, aliyeingia London akiwa kijana wa miaka 19. Alihitimu Royal College of Art mwaka 1962 na medali ya fedha. Ya dhahabu ilikwenda kwa David Hockney. Mama yake alikuwa mshonaji mwenye duka, na picha ya nyumba ile ya duka inatokea tena na tena katika kazi zake za miaka ya 1960, imechapwa juu ya turubai kama chapa ya kanga. Baadaye zikaja ramani za mabara, Afrika na Amerika ya Kusini zikielea ndani ya rangi. Kisha hata ramani ikaondoka. Mwaka 1973 Bowling alitengeneza jukwaa linaloinamishwa, akaweka turubai juu yake, akawa anamwaga akriliki kutoka kimo kinachofika mita mbili. Rangi inateremka yenyewe, moja inaipita nyingine, nyingine inaimeza ya tatu, mpaka zote zinarundikana chini.

Mwongozaji wa maonyesho akatuuliza tunaona nini. Mmoja akasema maporomoko ya maji, mwingine machweo. Mama mkwe alinivuta mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, aliinamisha kiasi gani?"

Nilikuwa nimeitazama michoro ile kwenye vitabu kwa miaka, wala swali hilo halikunijia. Yeye alikwisha kuona kwamba mwinamo ndio brashi. Ukiinamisha sana rangi inakimbia, huachiwi hata muda wa kufikiri. Ukiinamisha kidogo inaganda njiani. Na uzito wa rangi nao una neno lake. Katika chumba cha picha za mto Thames, za mwisho wa miaka ya 1980, ambazo zimesheheni utomvu wa akriliki na vipande vya sponji chini ya rangi, alisimama mbele ya moja muda mrefu, kisha akasema inafanana na tumbo la jahazi lililopandishwa pwani: mafuta ya sifa juu ya sifa, chokaa juu ya chokaa, na chaza humo humo. Alikuwa ameipenda, nadhani. Hakukubali.

Vuli tulirudi London, safari hii Hayward Gallery, kwa maonyesho ya Bridget Riley. Yeye ni mwenyeji wa London, kazaliwa 1931. Tulipofika mbele ya Movement in Squares, ya mwaka 1961, mama mkwe alinishika bega. Picha hiyo ni miraba tu, nyeusi na nyeupe, safu juu ya safu. Lakini kadiri jicho linavyokwenda kulia, miraba inabanwa upana, inabanwa, mpaka inakuwa kama nyuzi, na ubao uliolala sawa unaonekana kutumbukia katika mfereji. Kisha inaanza kupanuka tena.

"Huyu anasuka," akasema.

Ni lazima nieleze, kwa msomaji asiyepata kukaa na wasusi. Mkeka hausukwi mpana. Husukwa ukili, utepe mwembamba wa chane za ukindu, mrefu ajabu, kazi ya wiki nyingi za jioni. Kisha ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Kwa hiyo msusi huweka ua lake vipande vipande, miezi kabla ya kuliona zima. Akilegeza hapa, kule mbele ua litapishana na mwenzake, na halitengenezeki. Hesabu yote iko kichwani na kwenye vidole.

Riley naye hupiga hesabu kwanza. Hujaribu kwenye karatasi, hubadili, huanza upya. Umbo likishakaa sawa ndipo wasaidizi hulihamisha kwa ukubwa wake. Amefanya hivyo tangu miaka ya 1960. Bwana mmoja katika kundi letu alilalamika: kumbe hapaki mwenyewe! Nilipomfasiria mama mkwe alicheka. Kwao mmoja husuka, mwingine hutia rangi, mwingine hushona, na mtaa mzima unajua mkeka ni wa nani.

Bwana yule angekasirika zaidi kwa Bowling, ambaye uzeeni huketi kwenye kiti akielekeza huku jamaa zake wakimwaga na kubandika. Wote wawili wameachia mkono. Ila Riley hufunga kila mlango kabla brashi haijagusa kitu, na Bowling huacha mlango mmoja wazi, akakaa kando kungoja kitakachoingia. Kosa la Riley lingeonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi. La Bowling, nani atalijua?

Hapo ndipo tulipogombana, ndani ya treni ya kurudi. "Ukimwaga ukapata, mshukuru Mungu," alisema. "Usijiite fundi." Nikamkumbusha sufuria yake ya kuchemshia ukindu. Si amenieleza mwenyewe kwamba wekundu haujui mpaka autoe ukindu? Kuna siku unatoka wa damu, kuna siku wa matofali. Hiyo nayo si kumwaga?

Akanyamaza. Tulipita Rugby, tukapita Coventry.

"Lakini ukitoka mbovu," akasema hatimaye, "siusuki."

Sikuwa na jibu, na sikulitaka. Nilichokuwa nikimtetea nacho Bowling tangu Julai alikuwa amekisema yeye, akidhani ananishinda. Mtu anayemwaga ni lazima ajue ipi ya kubakiza. Kwa hilo mimi namweka Bowling mbele, kwa unywele mmoja, kwa sababu ya kusubiri kwake. Mama mkwe alirudi Pemba mwaka huo huo, mkeka akatuachia. Nikimpigia simu bado ananiambia ni Riley.